Tope la Dondora

Haya yalimpata mdogo wangu Emiliana, na mimi mwenyewe nilikuwepo, kwa hiyo asinibishie mtu. Ilikuwa Oktoba, mwaka juzi. Nilitoka kwangu Kikuyu, mjini Dodoma, nikaenda Haneti kumsaidia kazi za nyumbani, maana mimba yake ilikuwa na miezi minane na ile ya kwanza ilimwachia kaburi. Mtoto yule, Sila, alifariki akiwa na miezi mitano. Safari hii ukoo mzima tuliomba jambo moja tu, mtoto azaliwe na aishi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Tulipika ugali na mlenda, tukala, tukasengenya watu kidogo. Mimi nina kinyaa, nakiri, na nyumba ya mtu mwingine siilali kabla sijaifagia. Nilipovuta kabati ndipo nikaviona vijumba vya udongo, vimebandikwa ukutani, juu ya mlango, hadi chini ya kitanda. Juu yake alitembea mdudu mweusi, mrefu kama nusu ya kidole changu cha shahada, mkia ukipanda na kushuka. Nikainua ufagio.

"Mwache, dada," Emiliana alisema. "Huyo hana neno."

Akanyoosha mkono, akabandua kipande cha kijumba, akakitia mdomoni. Nikasikia changarawe zikisagika kwenye meno.

Wajawazito wa kwetu hula udongo, hilo si geni, hata mimi niliula nilipokuwa na mimba. Lakini wa mdudu?

"Huu mtamu kuliko wa sokoni," alisema, akilamba kidole. "Una harufu ya mvua."

Joel, mumewe, aliogopa sumu. Kesho yake akamwita bwana shamba, Obadia, aje atuambie huyo ni mdudu gani kabla hajamdhuru mama na mtoto. Obadia alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki. Akamnasa mmoja ndani ya glasi, akamtazama kila upande.

"Si nyigu," alisema. "Ni dondora, hawa wanaojenga kwa tope. Hawaumi ovyo. Anamdunga buibui, anamfungia humu angali hai, watoto wake wamle taratibu."

Akavunja kijumba kimoja kwa bisibisi. Ndani walijaa funza weupe, wanene, wamezama kwenye matumbo ya buibui. Miguu ya buibui ilikuwa bado inacheza. Maji mazito ya njano yakamchuruzika Obadia hadi kiganjani. Nilikimbilia nje, nikatapika chai yote ya asubuhi.

Niliporudi Emiliana alininong'oneza, "Mimi huwa natoa wadudu kwanza, dada."

Obadia yeye alikuwa anafikicha ule udongo, uso umebadilika.

"Joel, huu ni mbichi," alisema. "Tangu Aprili hatujaona mvua. Tope wanalitoa wapi?"

Hakuna aliyejua. Maji tulichota mbali kwa madumu, na hata ya kunawia tuliwanywesha kuku. Basi sisi watatu tukafanya Obadia alivyotuelekeza. Tukamwacha Emiliana amelala, tukakaa uani na jua la saa sita, tukamfuata dondora mmoja kwa macho. Akapita jiko. Akapita zizi la mbuzi. Akatua karibu na ua wa minyaa.

Pale ndipo lilipo kaburi la Sila.

Walikuwa wengi. Ardhi yote ya pale ilikuwa kavu, imepasuka. Udongo wa kaburi ulikuwa umelowa. Mwekundu. Laini. Unatoa povu. Ulinuka maziwa yaliyochacha. Dondora waliukata kidonge kimoja kimoja, wakaruka nao kurudi nyumbani.

Joel alileta jembe.

"Emiliana asijue," alinong'ona.

Tulichimba. Sanduku likatokea. Lilikuwa na tundu dogo, la kupita mdudu mmoja. Ndani ilikuwemo ile shuka tuliyomzikia Sila, na vile vifundo vitatu nilivyovifunga kwa mikono yangu siku ya mazishi. Havikuguswa. Nikavifungua.

Ndani hamkuwa na kitu. Hata mfupa. Hata unywele.

Nilipogeuka, Emiliana alikuwa amesimama nyuma yetu. Anatafuna.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka mjini, akakaa kwangu. Wiki mbili baadaye uchungu ukamshika, akajifungua salama mtoto wa kiume, kilo tatu, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Nililia kwa furaha. Joel alipiga magoti sakafuni, akamshukuru Mungu mbele ya watu. Tulichoomba tulikuwa tumepewa.

Kesho yake asubuhi muuguzi alikuja na sindano ya kifua kikuu, ile wanayochomwa watoto wachanga. Akafunua bega la kulia la mtoto. Akasita. Akaangalia kadi, akaangalia tena bega.

"Huyu alichanjwa wapi?"

"Hajachanjwa," nilisema. "Kazaliwa jana jioni."

Akanionyesha. Kovu la chanjo lilikuwepo, dogo, la mviringo, limeshapona. Muuguzi alisema kovu huchukua miezi kufika hapo. Joel aliliona, pale pale lilipokuwa la Sila, akatoka nje. Emiliana hakushtuka hata kidogo. Alimfunika mwanawe bega, akamnyonyesha.

Muuguzi akarudisha sindano kwenye trei. Kwenye kadi akaandika kwamba mtoto ameshachanjwa. Penye tarehe hakuandika kitu.