Uji wa Arafa

Kila asubuhi katika kijiji cha Chara, Mwanahamisi na mama yake Arafa walitwanga mpunga katika kinu kimoja. Mchi wa mama ukishuka, wa binti ulipanda. Majirani wakisikia mlio ule walijua nyumba ya Godhana imeamka. Ilikuwa miaka michache kabla ya mwaka 1900, na Mto Tana ulikuwa umefurika ukawaachia watu tope jeusi la kupandia.

Mwaka huo mchi wa mama ulianza kuchoka. Alikuwa na mimba tena, na mtoto aliyetangulia bado alinyonya. Katika uzazi ule wa mwisho alitokwa na damu nyingi hata watu wakaanza kunong'ona habari za sanda.

Nyumba iligawanyika. Baba yake Mwanahamisi, Godhana, alisema mimba ni riziki na mwenye nyumba ni yeye, basi isiguswe. Shangazi Hasina, ambaye mdogo wake alifia uzazini, alisema itolewe kabla haijamuua Arafa. Walibishana barazani mpaka sauti zikakauka, na aliyewaletea maji ya kunywa alikuwa Arafa mwenyewe.

Kesho yake shangazi alimwita Mwanahamisi nyuma ya banda la kuku, akamtia mkononi mizizi iliyofungwa kwa ukindu.

"Itwange, uitie katika uji wa mama yako," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwambie. Wataka abaki hai, au hutaki?"

Mwanahamisi alitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Akaitwanga, akaukoroga uji, akaupeleka. Mama alipoupeleka mdomoni bila hata kuutazama, kwa vile umetoka mkononi mwa mwanawe, moyo wa msichana ulimpasuka.

"Mama, usinywe."

Akamweleza yote huku akilia. Arafa hakugomba. Aliuweka uji chini, akamtuma amwite Bi Mwanamize, mkunga aliyeolewa hapo kutoka Kipini.

Mkunga aliunusa uji, uso ukamkunjamana. Alisema mizizi ile anaijua. Imekwisha kuondoka na mimba na mama pamoja. Kisha akaenda barazani, ambako kaka na dada walikuwa wameuanza tena ubishi wao.

"Enyi wenye mimba," alisema, "mwenye tumbo mmemuuliza?"

Hasina alitazama chini. Arafa alikuwa amesimama mlangoni, mchi mkononi.

"Wifi, najua wanipenda," alisema. "Lakini mimi si chungu, nitiliwe vitu nisivyovijua. Nawe, baba Mwanahamisi, wasema riziki, lakini damu iliyomwagika ilikuwa yangu. Mimba hii nitaibeba, kwa kuwa nimetaka mimi. Bi Mwanamize akiona hatari, shauri nitalikata mimi naye. Mpunga mwaka huu sipandi, kinu sigusi. Na baada ya mtoto huyu nitapumzika mpaka niseme mwenyewe."

Godhana hakuwa amepata kuambiwa maneno kama hayo na mtu yeyote, sembuse mkewe. Akainuka, akaupokea ule mchi.

Asubuhi iliyofuata majirani walisikia kinu kikienda kombo. Walipochungulia walimwona Godhana akitwanga na binti yake, jasho likimtiririka, mpunga ukiruka nje.

"Godhana, umeolewa lini?" jirani mmoja alimtania.

"Jana," alijibu. "Na mume wangu ni mkali."

Miezi ikapita. Arafa alijifungua salama mikononi mwa Bi Mwanamize, na Shangazi Hasina ndiye aliyempikia uji siku zote za uzazi. Kila alipouleta aliuonja kwanza mbele yake, kisha akamtajia kila kilichomo.

Siku moja mkunga alimkuta Mwanahamisi akimbembeleza mtoto, akaketi karibu naye.

"Shangazi yako alikuwa na huruma, baba yako alikuwa na furaha," alimwambia, "na baina yao mama yako nusura afe. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, kisha msikilize, hasa kama mwili ni wake. Wewe ulimwambia. Ndiyo maana yuko pale."

Mwanahamisi aligeuka. Mama yake alikuwa uani, amekaa kitako kivulini, akimcheka Godhana namna alivyoushika mchi.