Mtoto wa Mtungini

Harufu ilianzia kwenye blauzi. Ilze aliinusa adhuhuri alipokuwa akivua nguo za kazi, kambi nzima imejilaza kukwepa jua: harufu ya maziwa yaliyochacha. Aliifua ile blauzi kwa sabuni, akaianika. Ilipokauka ilinuka vilevile.

Alikuwa mwanafunzi kutoka Latvia, amekuja kwenye vilima vya Karak, huko Jordan, kujifunza uchimbaji wa mambo ya kale. Alilala chumba kimoja na Rawan, mwanafunzi mwenzake, mzaliwa wa kijiji cha jirani. Siku mbili kabla ya harufu ile, chini ya sakafu ya nyumba iliyozikwa na udongo tangu enzi na enzi, Ilze alikuwa amefukua mtungi wenye mifupa ya mtoto mchanga. Vibarua walirudi nyuma wakipiga bismillahi. Ilze akacheka. Akaufunga mtungi kwa mtandio wake, akaupakata, akauimbia wimbo wa kubembeleza wa kwao.

"Muweke chini, wewe!" Rawan alimfokea. "Huyo ana wenyewe."

"Acha apate mama kidogo," Ilze alijibu, akaendelea kuimba.

Baada ya ile harufu ukaja uzito. Akiinama shimoni na brashi yake, alihisi kitu kimemng'ang'ania mgongoni, chenye joto, kikimpumulia shingoni. Kisha asubuhi moja, mbele ya vibarua, madoa mawili ya majimaji yakatokeza kifuani mwake na kutanuka.

Profesa Naffa, mkuu wa kambi, aliyatazama madoa, kisha akamtazama usoni.

"Na mtoto umemwacha na nani huko kwenu?"

Watu wakaangua kicheko. Ilze hakuwahi hata kushika mimba.

"Kajifute urudi kazini," Profesa alisema. "Ukishindwa, ndege zipo."

Adhuhuri ile Rawan hakupata usingizi. Alikuwa amelala kiubavu, uso ukutani, upepo wa moto unapeperusha pazia, aliposikia nyuma yake mtu ananyonya, kwa pupa ya mtoto aliyecheleweshewa, na katikati ya kunyonya ule mguno mdogo wa kuridhika ambao kila aliyelea wadogo zake anaujua, akageuka akidhani anaota, akamwona Ilze amekaa kitandani, blauzi wazi, machozi yanamchirizika bila sauti, mikono kaikunja kama aliyepakata, na mikononi hamna kitu, ila ziwa lake lilikuwa likivutwa na kuachiwa, likivutwa na kuachiwa, na mvutaji haonekani.

"Rawan," alinong'ona. "Hashibi."

Rawan alimfunika shuka, akampeleka kwa Hajja Fidda, mama mtu mzima aliyewasomea Kurani wenye mashetani pale kijijini. Hajja alisoma mpaka sauti ikamkauka. Wako majini wanaotukana, wako wanaodai damu. Huyu hakusema neno. Alilia tu, kilio cha kichanga, kikitokea mgongoni mwa Ilze.

"Huyu hakuvamia, aliitwa," Hajja alisema, na Rawan akatafsiri. "Wa kumtoa ni aliyemwita. Mwachishe ziwa, binti yangu."

Akampa shubiri chungu ajipake chuchuni.

"Lakini ana njaa, Hajja."

"Ana njaa tangu babu zetu hawajazaliwa. Wewe ndiye utakayemshibisha? Jipake! Mwambie wewe si mama yake. Mwambie kwa lugha uliyomwimbia."

Ilze akajipaka. Kilio kikakatika ghafla, kama mtoto aliyeonja, halafu kikapanda mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka, naye Ilze akawa anarudia maneno yaleyale ya kwao, si wangu, sikujui, toka, na Rawan aliyemshika mikono alikiri baadaye kwamba lau Hajja asingekuwepo, angeiosha ile shubiri mwenyewe, kwa jinsi kilio kile kilivyokuwa kikisihi, kikikwaruza, kikigeuka kwikwi, mpaka kikawa pumzi tupu kwenye kona ya chumba.

Kisha kimya.

Harufu ikaisha. Maziwa yakakauka. Ilze akala mkate na mtindi, akacheka, na uchimbaji ulipofungwa akapanda ndege kwenda kwao. Mtungi Profesa aliuingiza kwenye sanduku, ukapelekwa mjini.

Majira ya baridi Ilze alipiga simu.

"Rawan, kwenye tramu za mjini huku watu wananipisha kiti."

"Kwa nini?"

"Leo bibi mmoja kanyoosha kidole, anamchezesha, hapa begani kwangu. Kisha kakiondoa haraka. Akaniuliza, mwanao mbona anatazama kwa hasira hivyo?"

Rawan aliibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya rafiki yake aliusikia mnyonyo ule, taratibu, karibu kabisa na simu.

"Shubiri, Ilze! Jipake sasa hivi!"

"Nimejipaka. Anailamba." Ilze akavuta pumzi kama mtu aliyefinywa. "Rawan... ameota meno."