Rafadha Iliyotazama Nyuma

Saa tatu na dakika kumi asubuhi majirani walimkuta fundi cherehani amekaa sakafuni katika chumba cha kazi cha mumewe, vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vimekatika, viko chini ya meza. Juu ya meza ilitulia mashua ndogo ya rimoti, ile yenye feni mgongoni, aliyoiunda mumewe mwenyewe. Mume alisimama mlangoni na rimoti mkononi.

Nani aulize nini tena? Jana yake mtaa mzima uliwasikia wakigombana, mke akiapa kuitia mashua hiyo motoni. Mpelelezi alipofika, mume hakuzunguka. Ndiyo, kutoka uani alimwambia mkewe aishike mashua atazame kama usukani unageuka. Ndiyo, alikuwa huko akipima rimoti inafika wapi, akasukuma kidude cha mwendo mpaka mwisho. Lakini rafadha, yaani hiyo feni, aliivua saa mbili kamili akaitundika msumarini, ndipo akaunga betri. Yeye haungi betri rafadha ikiwa mahali pake. Mpelelezi aliandika yote, kisha akamtia pingu.

Siku ya tatu mke alirudi kutoka hospitali, bandeji hadi kiwiko. Kesho yake mume angesomewa shitaka la kumjeruhi kwa makusudi. Cherehani ilikuwa imekwisha, hilo alilijua. Kilichomtafuna ni kingine: je, mtu aliyelala naye miaka kumi na mmoja alimpangia?

Wifi yake, dada wa mume aliyeishi nao, ndiye aliyemlisha na kumwogesha, akalia kuliko wote. Nyumba haikukaukiwa wageni, na kila aliyekuja kutoa pole alionyeshwa picha ya mashua kwenye simu: kazi ya kaka yangu kabla shetani hajampitia. Mke aliomba atumiwe picha hiyo, akatoka.

Alimshuku Mzee Waya, fundi redio wa kona, hasimu wa mumewe, aliyekuja jioni ya kuamkia tukio akasema mashua hiyo itachekwa na bata. Alimuuliza bila kupepesa kama aligusa kitu. Mzee Waya alicheka, akaitazama picha, kicheko kikamkauka.

“Shemeji, feni hii kaifunga nani?”

“Mume wangu, wanasema.”

“Mumeo mjeuri, na redio hajui. Ila hili hawezi. Upande wenye maandishi hutazama mbele, mashua inakokwenda. Hapa unatazama nyuma. Hata mimi nikitaka kumdhuru mtu, mkono ungekataa.”

“Sasa mtu afunge hivyo kwa nini?”

“Maandishi yaonekane. Ipendeze.”

Mke alimwomba Mzee Waya amtafutie picha ilipigwa lini. Hakukuwa na haja. Saa ilikuwa imeandikwa pembeni mwa picha yenyewe. Asubuhi ya tukio, saa mbili na dakika arobaini.

Alimkuta wifi jikoni anakoroga supu. Akamwambia azime jiko, akaiweka simu mbele yake.

“Bila feni ilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, wifi,” alisema dada yule, taratibu. “Nilitaka watu waione. Nikaifunga, nikapiga picha, jirani akaniita nje. Nikasahau.”

“Hiyo ni asubuhi ile. Na siku tatu hizi?”

“Nilisema nitasema ukitoka hospitali. Kisha nikaona mmeshaamini wote ni yeye. Nikaogopa.” Akainua macho. “Hata wewe uliamini.”

Saa tisa alasiri wifi alikuwa kwa mpelelezi akiandikisha maelezo. Mume alitolewa mahabusu, akakabidhiwa mkanda na kamba za viatu. Aliuliza mkono unauma kiasi gani. Kisha akauliza, “Umejua lini?”

“Leo.”

Alitikisa kichwa, akangoja. Mkewe alipiga magoti, akaanza kuipitisha kamba kwenye matundu ya kiatu cha mumewe kwa mkono wa kushoto. Ikateleza, akaanza upya, ikateleza tena. Mume alikuwa na mikono yote miwili. Alimwacha ahangaike.