Lamara Akataa Kuvuka

Kila asubuhi ya baridi, kabla hata ya kukamua ng'ombe, Lamara alikuwa akitoka na fimbo ndefu kuichoma theluji nyuma ya nyumba. Anaisikiliza kwa mkono: hapa laini, hapa ngumu, hapa fimbo inazama ghafla kama imekuta tundu. Kisha anarudi ndani kumweleza baba yake, Murtazi. Huyu Murtazi alikuwa mwokoaji wa watu milimani miaka na miaka, ila mwaka ule alikuwa amelala na mguu uliovunjika, amenuna kama dubu aliyeamshwa. Binti mwenyewe miaka kumi na mitatu tu, lakini ukimwuliza habari za theluji, utachoka wewe kusikiliza.

Siku hiyo mjomba wao Jokia, ng'ambo ya mlima, alikuwa anabatiza mtoto wake. Barabara imefungwa na theluji, basi ikabidi wapite juu kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea. Walikuwa watatu: Lamara, kaka yake Gocha wa miaka kumi na tisa, na binamu yao Beso, mdomo wake kama kengele ya mbuzi. Mama akamtwika Lamara mkoba wenye mikate ya nyama ya karamu. Vijana wakainua glasi za divai mbele ya Baba, wakainywea safari. Na kwao Svaneti, huko milimani, safari ikishanywewa, mwanamume harudi nyuma. Akirudi, atachekwa mpaka ndevu zimwote mvi.

"Chimbeni theluji muipime kwanza kabla ya kuvuka," Baba akasema toka kitandani.

"Sawa, Baba," Gocha akajibu, naye ameshafika mlangoni.

Wakapanda saa mbili nzima mpaka ukingo wa mteremko mkubwa. Moshi wa kwa mjomba ule pale! Dakika kumi za kuteleza, basi. Gocha na Beso wakabandua chini ya skii zao zile ngozi za kupandia, zinazozuia mtu asiteleze kurudi nyuma. Lakini upepo ulikuwa umevuma siku mbili toka upande wa pili, ukamwaga theluji yote huku. Lamara akakanyaga, na chini yake pakaguna, vuum.

"Mmesikia?"

"Tumbo langu hilo," Beso akasema. "Linaita mikate."

Lamara hakucheka. Palepale ukingoni, mahali pasipo na mwinamo mkali, akachimba shimo kwa sepetu mpaka kifuani. Akakata mnara wa theluji upana wa sepetu, akalaza sepetu juu yake, akaanza kupiga. Kumi kwa kiganja, taratibu. Kimya. Kisha akaanza kuinua mkono toka kwenye kiwiko. Kumi na moja. Kumi na mbili, na bamba zima la juu likachomoka kama droo, likamwangukia magotini! Chini yake chembechembe kama sukari, hazishikani hata uzifinyange vipi.

"Hatuvuki," akasema. "Theluji ya juu haijashikana na ya chini; tukiikanyaga, mteremko wote utaporomoka nasi. Tuzunguke kwa mgongo wa mlima, kule msituni."

"Huko ni mwendo wa saa tatu!" Beso akapiga kelele. "Tutakuta mifupa! Sogea, bibi theluji."

"Lamara, safari tumeshainywea," Gocha akasema. "Unataka nichekwe kijiji kizima kwa sababu ya msichana na sepetu?"

"Chekwa. Anayechekwa ni mzima."

"Mimi mkubwa wako!"

"Basi mkubwa wangu, chimba wewe. Piga wewe."

Wakaanza kufunga skii zao. Hapo Lamara akauvua mkoba mgongoni, akaukalia. "Haya, nendeni. Mikate ninayo mimi. Fikeni kwa mjomba mikono mitupu siku ya ubatizo, mkamweleze mama wa mtoto."

Vijana wakasimama kama magogo. Kurudi nyuma ni aibu, lakini kuingia kwa mjomba mikono mitupu, hiyo ni aibu ya mpaka wajukuu. Beso akaja kuuvuta mkoba.

"Vuta," Lamara akamwambia. "Nitakung'ata, Beso, na wewe unanijua."

Beso alimjua. Alama ilikuwepo mkononi tangu utotoni. Akarudi nyuma.

Gocha akanyakua sepetu, akachimba shimo lake pembeni kwa hasira, apate kumwumbua dada yake. Akapiga. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. "Unaona?" akasema. Kumi na tatu, bamba likachomoka. Akabandika tena ngozi zake, akageuza uso kuelekea msituni.

Walifika kwa mjomba watu wameshashiba. Beso akakimbilia dirishani. "Tazameni! Mteremko mzima, haijaanguka hata konzi moja ya theluji! Umelala kama huyo mtoto! Saa tatu tumetembea kwa sababu ya sukari ya Lamara!"

Meza nzima ikacheka. Masikio ya Lamara yakawaka moto, lakini kidevu hakikushuka. "Hata ningefika hapo tena, nisingevuka," akasema.

Mjomba Jokia peke yake hakucheka. "Bamba lilichomoka pigo la ngapi?"

"La kumi na mbili, Mjomba. Kwa Gocha la kumi na tatu."

Mjomba akaweka kisu chini. "Kaka yangu Tarieli alivuka pale mara tisa. Mara tisa alifika hapa akicheka kama wewe, Beso. Mara ya kumi theluji iliporomoka ikamfunika; tulimpata mwezi wa tano, ilipoyeyuka. Zile tisa zilikuwa bahati, yeye akaziita ujuzi." Akawatazama wote mezani. "Sikilizeni, wanangu. Mlima kunyamaza si ruhusa. Aliyepima, akaiona hatari, akageuka, huyo amefanya kazi yake, hata kama mteremko hautaanguka mpaka kiangazi. Na kusema hapana mbele ya wakubwa wanaokucheka kunataka moyo kuliko kuvuka."

Kicheko kikaisha. Gocha akavuta kiti, akamkalisha dada yake karibu naye.

"Kesho kurudi," akamwuliza kwa sauti ya chini, "tutapita wapi?"

"Sijui bado," Lamara akajibu, mdomo umejaa nyama. "Kwanza nitachimba. Na ukininunia, nitachimba hivyo hivyo umenuna."