Wanja wa Mtoto wa Kitabuni

Siku kitabu kile kilipoingia Likoni, shangazi yangu Mwanatabu alikuwa kibarazani akipepeta mchele, mimba yake imefika miezi ya mwisho, hana neno na mtu. Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inafunga virago, na mumewe, Boga, alikuwa tarishi katika ofisi iliyoamriwa kuchoma vitabu chakavu vyote. Ila kuchoma kulihitaji kibali, na bwana wa kutia sahihi kibali alikwisha panda meli. Kitabu kikawa hakiruhusiwi kuchomwa, wala hakiruhusiwi kubaki. Boga akakichukua nyumbani. Ndilo jambo la akili pekee lililofanyika ofisini mwezi ule, na laiti asingelifanya.

Kilikuwa kitabu kikuukuu cha ukunga, jalada la ngozi, kinanuka kama sanduku la marehemu. Maandishi hakuna aliyeyaweza. Boga alisema ni Kiingereza cha zamani, kabla hakijapona. Lakini picha zilisomeka. Moja hasa: tumbo lililochorwa kama mtungi, na ndani yake mtoto uchi, nywele za mawimbi, mashavu ya diwani aliyeshiba. Mchoraji bila shaka alikuwa mwanamume, na chumba cha uzazi alikisikia tu. Mtoto alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili.

Wanawake wa mtaani wakaja kutazama.

"Mwanatabu, shoga, wako keshatoka na hujatuita!" akacheka jirani yake, Mwanasaumu. "Tena na nywele za kizungu. Boga ana habari?"

Shangazi alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na lake. Alikwisha zaa watoto watatu, na wote walitoka kimya. Hakuna hata mmoja aliyelia. Huyu wa nne ndiye aliyekuwa akimwombea kila sala. Sasa kuona mtoto, hata kama ni wa karatasi, amelala uchi akikodolewa macho na mtaa mzima bila kinga, kulimchoma. Wageni walipoondoka akatwaa kijiti chake cha wanja, akamtia nukta kwenye paji la uso, kama tunavyowatia watoto wetu kuwakinga na kijicho.

Alasiri akaja Bi Nyamvula, mkunga, kumkanda tumbo. Akakiona kitabu kimefunuliwa mkekani. Akasita.

"Nani kamtia wanja huyu?"

"Ni mimi, bibi. Nilimwonea huruma."

"Wanja hutiwa aliyezaliwa, mwanangu. Umeshampokea." Bibi akaweka kiganja tumboni. Akakaa nacho sana. "Wako kacheza lini?"

"Asubuhi."

"Kabla ya wanja?"

Shangazi akaitazama ile nukta.

"Mfute," bibi akanong'ona. "Mfute sasa hivi."

Shangazi akachovya pembe ya leso katika mafuta ya nazi. Akafuta. Tumboni mtoto akapiga teke; wote wawili waliliona. Akafuta tena.

Kitabu kikalia.

Si paka. Si karatasi. Kilio chembamba cha kichanga aliyepigwa na baridi. Bi Nyamvula alikisikia. Mpaka anaingia kaburini aliapa, wallahi, alikisikia.

Mkono wa shangazi ukasimama.

"Futa, Mwanatabu."

"Analia, bibi."

"Futa!"

"Wangu hawakulia. Hata mmoja. Huyu analia."

"Wako yumo tumboni!"

"Najua." Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya ukurasa. "Najua, bibi. Mkono haushuki."

Kilio kikakoma. Teke halikurudi.

Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi. Wa kike. Kimya. Kwenye paji lake la uso palikuwa na nukta ya wanja, imefutwa nusu.

Boga alikwenda kumwandikisha. Karani akamweleza, kwa adabu sana, kwamba kifo hakiandikwi bila kuzaliwa, na kuzaliwa hakuandikwi bila pumzi. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, hakuna lililotokea. Boga akamshukuru, akatoka, akakaa chini nje ya mlango mpaka ofisi ikafungwa.

Shangazi hakuzaa tena. Wanja wake aliutupa chooni siku ileile, na mwingine haukuingia nyumbani mwake. Kitabu alikifunga kwa leso, akawa akilala nacho ubavuni. Boga hakumuuliza kitu. Wakati mwingine, usingizini, alimsikia mkewe akibembeleza.

Shangazi alifariki akiwa kikongwe, mjane, meno hana. Mwanasaumu, naye kizee sasa, alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipotoka aliniita pembeni ya ua.

"Kwenye titi la kushoto," alininong'oneza. "Juu kidogo ya chuchu. Pale anaponyonya mtoto, paji lake linapoegemea."

"Pana nini?"

Akanionyesha kidole chake. Kilikuwa cheusi. Wanja, mbichi, unang'aa.

Niliingia chumbani nikaifungua ile leso. Ilikuwa na joto. Nikafunua mpaka kwenye picha. Ule mtungi ulikuwa palepale, mistari yake yote.

Ndani hamkuwa na mtoto.