Mwali Aliyekosa Usingizi

Enyi wenye mabinti, nisikilizeni, maana jambo hili linanikera hadi leo.

Enzi za Wajerumani, mjini Mpwapwa, nyumba ya mama mmoja aitwaye Mwanaharusi ilikuwa na amani. Asubuhi binti yake Stara alitwanga uwele na kuteka maji, na usiku alilala fofofo. Alipovunja ungo, mama yake alimweka ndani awe mwali, kama walivyofanya bibi zake waliokuja na misafara kutoka pwani. Asiguse mchi, asione jua, akae kitandani anenepe mpaka mchumba wake, Swedi, aje kumwoa baada ya mavuno.

Mwezi wa pili usingizi ulimpotea. Mwanaharusi alichoka kumsikia akigaragara. Alimfukizia ubani, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, bure. Akaudhika kweli: kazi hana, shida hana, mbona halali? Nami nauliza, mwili uliokaa bure kutwa umechoshwa na nini hata ulale?

Siku moja alikuta chumba kitupu. Stara alikuwa uani kwa jirani yao Loisi, Mgogo, amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, viganja vimechubuka. Loisi alieleza kwamba binti alikuja mwenyewe, akatwanga mpaka akachoka, kisha akajilaza.

"Mwache alale, mama Stara. Huyu hana pepo. Mpe mchi kila siku."

"Mwanangu si kijakazi," Mwanaharusi alijibu.

Moyoni alijua hajamwona akilala hivyo tangu amweke ndani. Alijua, ndugu zangu, ila aliogopa watu watasema nini wakimwona mwali mwenye sugu. Akamwamsha, akamrudisha chumbani, akatia komeo.

Harusi ilipobakiza siku kumi, Stara alikuwa amekonda kwa kukesha. Mama akanunua dawa kali kwa mpita njia, akamnywesha kikombe kizima. Binti akalala siku tatu. Alipofumbua macho, alimtazama mama yake kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni mama wa nani?"

Akili haikurudi tena, na Swedi alioa kwingine. Miaka yote iliyobaki, kila asubuhi, Mwanaharusi alijitambulisha upya kwa mwanawe.

FUNZO

Kijana anayekua sharti autumie mwili wake mchana ndipo usiku alale. Akikosa usingizi, tazameni kwanza siku yake ilivyopita kabla ya kutafuta pepo na dawa. Na mkishaiona kweli kwa macho yenu, msiikatae kwa kuogopa maneno ya watu.