Mashua Iliyopungua Darajani

Jioni ile Asahel Tuttle aliteremka mtoni kuchota maji ya kahawa. Alikuwa koplo wa wahandisi wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, huko Virginia, na daraja lao la mashua zilizopangwa na kulazwa mbao lilikuwa karibu kwisha. Ilipungua mashua moja tu. Risasi za waasi wa Kusini zilikuwa zimeitoboa. Ng'ambo, wenzao walingoja kuvuka kabla ukungu haujainuka na mizinga ya adui kuwaona. Miongoni mwao alikuwemo Lyman, mdogo wake, kijana wa nywele nyekundu.

Kwanza ilikuja harufu.

Mafuta ya nguruwe yaliyooza. Asahel akatema mate. Kisha... chwaa... chwaa... Mashua ikachomoza kwenye ukungu, ndani yake mzee aliyeficha uso kwa kofia.

"Mmepungukiwa," alinong'ona. "Chukueni hii. Mimi nitachukua mmoja wenu."

"Babu, chukua umtakaye!" Asahel alicheka. "Anza na sajini wetu, mlafi yule!"

Mzee hakucheka. Alishuka, akaondoka zake.

Wakaifunga mashua darajani, wakalaza mbao juu yake. Ubavu wake ulikuwa laini, ukibonyea chini ya kidole, na utelezi wake ukamganda Asahel viganjani. Alijifuta kwenye suruali, kwenye majani, kwenye mchanga. Haukutoka.

"Inanuka mzoga," Sajini Brandt aliguna. "Lakini inaelea. Kazeni kamba!"

Kikosi kikaanza kuvuka. Asahel alisimama ukingoni akikagua nyuso, mpaka akamwona Lyman akimpungia kofia.

"Kaka! Umeniwekea kahawa?"

"Ipo! Fanya haraka, bwege wee!"

Lyman akafika juu ya mashua ile. Ukungu ukapita ukimfunika, kidogo tu.

Waliomtangulia walitokea. Waliomfuata walitokea.

Hakuna aliyesikia mtu akitumbukia. Asahel alikimbia, akajirusha ndani ya mashua, chini ya mbao, akaanza kupapasa kwenye mwanga hafifu wa jioni. Mafundi huziba nyufa kwa katani na lami. Hizi zilizibwa kwa nywele na mafuta. Nywele za mvi, nyeusi, za manjano, zimeoza, zinachuruzika. Akaendelea kupapasa.

Ufa wa mwisho ulikuwa umezibwa sasa hivi.

Nywele nyekundu. Bado zina joto.

"Toka humo!" Brandt alimvuta kwa ukosi, akakata kamba.

Mashua ikaondoka peke yake, ikipanda mto kinyume cha maji, kuelekea kwenye daraja la wahandisi wengine.

Kahawa ilichemka mpaka ikakauka. Asahel hakuigusa. Viganja vyake vilikuwa vinanuka.